Umeng'oa jino? Lilinde donge la damu, kidonda kitapona chenyewe (uzi wa maswali na majibu)

#1 Mhudumu_Meno (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi nafanya kazi chumba cha meno, namsaidia daktari, na ndiye ninayebaki na mgonjwa dakika za mwisho kumpa maelekezo kabla hajaondoka. Shida inaanzia hapo hapo, maana mtu ndio kwanza ametoka kwenye kiti, ganzi imejaa, ameuma pamba, mapigo bado yanaenda mbio, kila ninachomwambia anaitikia kwa kichwa tu halafu akifika nyumbani hakumbuki hata moja. Siwalaumu hata kidogo, ningekuwa mimi ningekuwa hivyo hivyo. Ndio maana nimeona niweke hapa mtu asome akiwa ametulia, iwe kabla ya kwenda au baada ya kurudi.

Kuna jambo moja nataka mlishike kuliko yote. Jino likitoka linaacha shimo kwenye mfupa wa taya, shimo linajaa damu, damu inaganda inakuwa donge, na lile donge ndio dawa yenyewe. Chini yake kuna mfupa uliobaki wazi na ncha za mishipa ya fahamu, donge linafunika vyote hivyo, na humo humo ndani yake nyama mpya ndio inaanza kuota. Sasa karibu kila sharti unalopewa linarudi hapo, usiteme, usivute sigara, usinywe kwa mrija, usisukutue leo, lengo ni donge lisichomoke wala kuyeyuka. Ukishalielewa hili huna haja ya kukariri orodha ndefu, kila unachotaka kufanya jiulize tu je kitalitoa donge?

Tuje kwenye pamba, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Inakunjwa iwe nene, inawekwa juu ya shimo lenyewe, unaiuma kwa kukaza dakika 30 mpaka 45 bila kufungua mdomo kuchungulia. Ninachokiona sana ni pamba imehama, imelala pembeni ya shavu, mtu anauma meno ya jirani na kidonda hakijaguswa kabisa, saa nzima inapita damu inatiririka anasema pamba haifanyi kazi. Nawa mikono, simama mbele ya kioo, hakikisha imekaa juu ya shimo halafu ndio uume. Na wakati wa kuitoa ukiona imekauka na kunata usiivute kwa nguvu, ilowanishe kwa maji kidogo, iteleze kwa pembeni taratibu, ukiinyofoa ghafla unaweza kuondoka na donge lote na damu ikaanza upya.

Damu kuchuruzika kidogo kidogo kwa saa 24 za kwanza ni kawaida. Mate yatakuwa ya pinki, asubuhi utakuta mto una doa, usipaniki, damu kidogo sana inatosha kuchafua mate mengi. Tandika taulo kuukuu, lala kichwa kikiwa juu kidogo kwa mito miwili. Kama damu ni nyingi yaani inajaa mdomoni, weka pamba mpya uliyoilowanisha kidogo na kuikamua, uma tena dakika 30 bila kuchungulia, ukiwa umekaa wima. Kama pamba huna, kifuko cha majani ya chai meusi kilicholowanishwa kinasaidia, yale majani yana tanini inayobana mishipa midogo ya damu. Ukifanya hivyo vizuri na bado inamwagika, rudi kwa daktari au nenda hospitali, hata kama ni usiku.

Maumivu: ganzi ya mdomo na shavu inakaa saa 2 mpaka 4 hivi, wengine zaidi. Usisubiri iishe ndio uanze kutafuta dawa, meza mapema ili ganzi inapokwisha dawa iwe imeshaanza kazi. Kwa mtu mzima asiye na tatizo, ibuprofeni 400 mg baada ya kula pamoja na paracetamol 1000 mg vinafanya kazi vizuri sana vikichanganywa, kuliko kimoja peke yake, na mara nyingi huhitaji kitu kikali zaidi. Paracetamol isizidi 4000 mg kwa saa 24, ibuprofeni ya 400 isizidi mara 3 kwa siku kama hujaelekezwa vingine. Wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, wajawazito, wanaotumia dawa za kuyeyusha damu na wenye pumu inayoamshwa na dawa za aina ya ibuprofeni, ibuprofeni waiache mpaka waongee na daktari.

Barafu ifunge kwenye kitambaa, weka juu ya shavu dakika 15 mpaka 20, toa, pumzika, rudia, fanya hivyo siku ya kwanza. Uvimbe huwa unafika kileleni siku ya 2 au ya 3, kwa hiyo ukiamka kesho yake shavu limejaa kuliko jana usidhani mambo yameharibika. Baada ya hapo barafu haina msaada tena, kitambaa cha maji ya vuguvugu ndio kinalegeza taya.

Ulizeni, nitajibu kila ninapopata nafasi.

#2 kapeto

Mkuu asante kwa uzi. Mimi nimetoa gego la chini leo mchana na toka nimefika nyumbani natema tu, kila nikitema damu inatoka, mzee wangu anasema niiteme yote hiyo ni damu mbaya isikae tumboni. Sasa wewe unasema nisiteme, niimeze?

#3 Mhudumu_Meno

Acha kutema sasa hivi ndugu yangu. Kila ukitema unavuta, mdomo unatengeneza nguvu ya kunyonya, lile donge linalojaribu kukaa linang'oka, damu inatoka, unaona damu unatema tena, unazunguka hapo hapo mpaka usiku. Hakuna damu mbaya hapo, ni damu yako ile ile iliyomo mwilini.

Fanya hivi: kaa wima, weka pamba juu ya shimo, uma dakika 30 kwa saa, usiongee, usichungulie. Mate yenye damu kidogo meza tu, hayana madhara, ila damu nyingi ikienda tumboni inaleta kichefuchefu, kwa hiyo mdomo ukijaa inamisha kichwa uache yadondoke yenyewe kwenye sinki bila kusukuma. Mzee mweleze kwa heshima, anakujali tu. Utupe mrejesho.

#4 kapeto

Imekata mkuu. Nilipouma bila kuchungulia imekata kabisa, sasa hivi mate yana rangi kidogo tu. Mungu akubariki.

#5 nyota_njema

Jamani mimi naomba kuuliza, nimetoa jino siku kadhaa zilizopita, leo nimemulika na tochi ya simu naona shimoni kuna kitu cheupe kinaelekea njano, nimeogopa sana nadhani ni usaha. Nilitaka kukitoa kwa kijiti cha pamba ila dada yangu kanikataza. Maumivu yapo ila yamepungua sana.

#6 Mhudumu_Meno

Dada yako mshukuru sana, usiguse hicho kitu. Swali hili naulizwa kuliko yote.

Donge la damu halibaki jekundu. Ndani ya siku chache linabadilika, uso wake unapata utando mweupe au wa krimu, ni nyuzi za fibrini, protini inayoshikilia kidonda, na chini yake nyama changa inaota. Ndani ya wiki ya kwanza shimo linajaa hiyo nyama. Ukiikwangua unajirudisha mwanzo.

Usaha una dalili zake. Unatoka ukibonyeza fizi, ladha yake mbaya, fizi inakuwa nyekundu imevimba na ya moto, maumivu yanaongezeka, pengine na homa juu. Wewe umesema maumivu yamepungua sana, hilo kwangu ni muhimu kuliko rangi unayoiona kwa tochi. Angalia maumivu yanaelekea wapi: kila siku yakishuka hata kidogo, unapona. Yakishuka halafu yakageuka kupanda siku ya 3 au ya 4, hapo ndio tunaongea lugha nyingine.

Na hiyo tochi ya simu punguzeni wapendwa, kila ukifungua mdomo kwa nguvu kupiga picha unakivuta kidonda.

#7 Msafiri wa Usiku

Hiyo ya kugeuka kupanda ndio ilinikuta mimi, wacha niseme wengine wajifunze. Nilitoa gego la mwisho chini, siku mbili za kwanza nikajiona shujaa, siku ya tatu usiku likaanza, yaani ni maumivu ya kupwita yanatoka kwenye taya yanapanda sikioni mpaka kwenye paji la uso, dawa unameza inagusa saa moja tu inaachia. Mdomoni harufu mbaya na ladha kama ya chuma. Sikuvimba wala sikuwa na homa. Nikaenda duka la dawa nikapewa antibayotiki, nikamaliza hazikunisaidia kitu, nikapewa nyingine kali zaidi, hola. Kuja kurudi kwa daktari wa meno akaangalia akasema shimo liko tupu, mfupa unaonekana, akasafisha akaweka dawa yenye harufu ya karafuu, wallahi sikumaliza hata nusu saa maumivu yamekata. Nikajiuliza kwa nini huyu wa dukani hakuniambia tu rudi kwa aliyekung'oa.

#8 Mhudumu_Meno

Pole sana mkuu, na asante kwa kueleza vizuri hivyo, hiyo picha uliyochora ndio yenyewe kabisa. Hiyo inaitwa drai soketi, yaani shimo kavu: donge limetoka au limeyeyuka kabla nyama haijaota, mfupa umebaki uchi, hewa, chakula na mate vinaugusa moja kwa moja. Tatizo lenyewe ni la zamani, daktari mmoja wa Marekani aitwaye Crawford aliliandikia tangu 1896.

Kwa jino la kawaida linawapata wachache, kama 1 mpaka 5 katika kila watu 100, lakini kwa magego ya mwisho ya chini yaliyozama ndani ya mfupa inaweza kupanda mpaka hata 30 kwa 100. Wanaokuwa kwenye hatari zaidi ni wavutaji, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, waliong'olewa kwa shida na kuchimbwa sana, waliokuwa na maambukizi pale kabla, na aliyewahi kuipata mara ya kwanza. Kwa hiyo jamani wengine wamefuata kila sharti na bado ikawapata, msimlaumu mgonjwa.

Antibayotiki hazikukusaidia kwa sababu tatizo lenyewe ni mfupa kubaki wazi, bakteria wa kuuawa siyo shida kuu pale. Matibabu ni kuoshwa shimo kwa maji ya chumvi ya hospitali, kuwekewa kifuniko chenye dawa, mara nyingi ina mafuta ya karafuu ndani, na kubadilishwa ikihitajika. Kawaida inatulia ndani ya siku 7 mpaka 10. Na kwa mtu mwenye afya yake njema ambaye jino lake limetoka vizuri, antibayotiki za kujikinga kwa kawaida hazihitajiki, lakini kila siku mtu ananiuliza mbona hukunipa kapsuli, kama vile bila kapsuli hajatibiwa.

Na tafadhali mtu asiende kumwagia mafuta ya karafuu ya chupa moja kwa moja shimoni, yanaunguza nyama. Ile ya kliniki imepimwa na kuchanganywa.

#9 kijana_wa_kazi

Mkuu mimi navuta. Nitangoja muda gani? Na usiniambie niache kabisa, najijua.

#10 Mhudumu_Meno

Nashukuru kwa kuwa mkweli. Saa 72 ndio chini kabisa, na ukiweza wiki nzima ni bora mara nyingi zaidi. Sigara inakuumiza kwa njia mbili, kwanza ule mvuto wenyewe unanyonya donge, pili nikotini inabana mishipa ya damu, kidonda kinakosa damu ya kukilisha. Kwa hiyo sigara ya kielektroniki na shisha nazo zimo humo humo. Muombe daktari wako bandiko la nikotini la ngozi kwa siku hizo, bado ni nikotini ila angalau hunyonyi kitu wala moshi haupiti kwenye kidonda. Pombe nayo iache walau saa 24, na kama umepewa dawa yenye tahadhari ya pombe, iache mpaka umalize dawa.

#11 Mama_wawili

Habari zenu. Mwanangu atatolewa jino wiki hii ni mdogo bado anasoma chekechea, kuna chochote tofauti kwa mtoto?

#12 Mhudumu_Meno

Habari mama. Watoto wanapona haraka sana kuliko sisi, kidonda cha jino la utoto ni kidogo. Ninachokuomba ulinde ni ganzi. Mtoto anausikia mdomo mnene, wa ajabu, anaanza kuutafuna kama mchezo, hasikii maumivu, ganzi ikiisha unakuta mdomo wa chini umevimba una kidonda kikubwa cheupe kuliko hata cha jino. Nimeshaona mzazi anarudi analia akidhani ni maambukizi, kumbe mtoto kajitafuna. Kaa naye karibu saa zile zote, asile cha kutafuna mpaka mdomo urudi, mpe kitu cha kushughulisha mikono na macho.

Dawa ya maumivu ni paracetamol ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Asipewe aspirini, hiyo siyo dawa ya watoto kabisa.

#13 kimya_kingi

Kuna kitu kinanisumbua, nimeambiwa nitoe jino la juu la pembeni, yale yaliyochongoka. Bibi yangu na majirani wote wanasema jino lile likitolewa macho yanapoteza nguvu, wengine wanasema unapofuka kabisa. Nimeahirisha mara mbili. Ni kweli?

#14 Mhudumu_Meno

Siyo kweli ndugu, na nakuomba usiahirishe tena. Hofu hii ipo kila mahali na inaeleweka, maana chonge la juu lina mzizi mrefu kuliko meno yote, unapanda kuelekea chini ya jicho, na likioza linaweza kuvimbisha shavu mpaka jicho linafumba. Watu wanaona jicho limefumba, jino limetolewa, wanaunganisha.

Ila mishipa ni tofauti. Meno yote yanahudumiwa na mshipa wa fahamu wa tano kutoka kwenye ubongo, una matawi matatu, moja la paji la uso na kuzunguka jicho, la pili taya ya juu, la tatu taya ya chini. Kuona kunafanywa na mshipa mwingine kabisa, wa pili, unatoka nyuma ya jicho unaingia kwenye ubongo moja kwa moja, haupiti kwenye jino lolote. Cha kuogopa hapo ni kuliacha jino bovu la juu na usaha wake, maana maambukizi ya sehemu ile ya uso ndiyo yanayoweza kusambaa kuelekea jicho. Bibi mwambie hivyo, na kama inawezekana nenda naye akasikie kwa daktari mwenyewe.

#15 nyota_njema

Samahani narudi tena, maji ya chumvi naanza lini na napiga mswaki vipi? Na kula je, maana nina njaa kweli.

#16 Mhudumu_Meno

Maji ya chumvi ni baada ya saa 24, usianze siku ile ile. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja ya maji ya vuguvugu, chukua kidogo mdomoni, inamisha kichwa upande wa kidonda, yaache yakae, geuza upande wa pili, fungua mdomo yamwagike yenyewe. Ile ya kusukutua kwa fujo mashavu yanacheza, sahau kwa wiki ya kwanza. Fanya kila baada ya kula na kabla ya kulala.

Mswaki piga meno mengine kama kawaida tangu jioni ya kwanza, mdomo mchafu unachelewesha kidonda, pale penye shimo pita mbali, kesho yake anza kusogea taratibu kwa mswaki laini. Povu la dawa liache lidondoke.

Kula laini, isiwe ya moto, tafuna upande wa pili. Supu iliyopoa, mtindi, mayai laini, viazi vya kupondwa, ndizi mbivu. Kaa mbali na vyenye punje na vinavyovunjika vipande vikali kwa siku za mwanzo, maana punje moja ikizama shimoni unaanza kuichokonoa. Kama chakula kimeingia maji ya chumvi yatakitoa, na kwa magego ya mwisho ya chini daktari anaweza kukupa bomba dogo la plastiki lenye ncha iliyopinda la kuoshea shimo, ila linaanza kutumika karibu na mwisho wa wiki ya kwanza, ukiliwahisha unalirusha donge nje. Kunywa maji ya kutosha kwa kikombe, bila mrija.

#17 Fundi_mdogo

Mimi nimetolewa gego la juu. Leo nakunywa maji naona yanatokea puani upande mmoja. Ni kawaida hiyo?

#18 Mhudumu_Meno

Hapana mkuu, hiyo mpigie daktari wako leo. Juu ya magego ya juu kuna uwazi wa hewa, mizizi ya wengine inakaribia kabisa kwenye sakafu yake, jino likitoka kinaweza kubaki kitundu kati ya mdomo na ule uwazi. Vitundu vidogo vingi vinajifunga vyenyewe, vikubwa vinashonwa, lakini lazima aone.

Kwa sasa usipenge kamasi kabisa, mara nyingi wanashauri wiki 2, ukitaka kupiga chafya fungua mdomo, usizibe pua. Usipulize puto wala chombo cha muziki, na wala usijijaribu kwa kuziba pua na kupuliza uone kama hewa inapita, ndio unalifungua zaidi.

#19 Msafiri wa Usiku

Naongezea swali kwa niaba ya mama yangu, ana kisukari na anatumia warfarin ya moyo. Kuna mtu amemwambia aiache wiki nzima kabla ya kung'oa.

#20 Mhudumu_Meno

Asiache! Tafadhali mpigie simu sasa hivi. Dawa ya kuyeyusha damu mtu haiachi kwa ushauri wa jirani, damu ikiganda kwenye moyo au ubongo ni hatari kubwa kuliko fizi kuchuruzika. Mara nyingi jino linatolewa dawa ikiendelea, anapimwa INR kabla (kipimo cha damu kinachoonyesha inaganda haraka kiasi gani), daktari anaweka kitu cha kugandisha damu shimoni na nyuzi juu. Anayeamua ni daktari wake wa moyo na wa meno wakiwa wameongea.

Kuhusu kisukari, sukari ikiwa imedhibitiwa anapona vizuri tu. Aende asubuhi, awe amekula na kutumia dawa zake kama kawaida, na apange mapema atakula nini laini baadaye, maana mdomo ukimuuma akaacha kula huku dawa ya sukari inaendelea, sukari inaweza kushuka vibaya.

Na mwingine yeyote anayetumia au aliyewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, vidonge au sindano, au aliyewahi kupigwa mionzi ya saratani ya kichwa na shingo, aseme kabla jino halijaguswa. Kwa hao mfupa wa taya unaweza kukataa kupona na inahitaji mpango tofauti.

#21 mzee_baba

Wadau msaada wa haraka. Kaka yangu alitoa gego la chini, leo chini ya kidevu pamevimba pagumu pande zote mbili, ulimi kama umeinuliwa, mate anashindwa kumeza, anatetemeka homa. Tumempa maji ya chumvi na panadol. Tusubiri asubuhi?

#22 Mhudumu_Meno

USISUBIRI. Mpelekeni hospitali kubwa yenye dharura SASA HIVI, acha kusoma uzi huu. Uvimbe mgumu chini ya taya pande zote na ulimi kunyanyuka ni maambukizi yanayosambaa sakafu ya mdomo, yanaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Msimlaze chali, akae wima njia nzima. Mkifika waambieni neno kwa neno: alitolewa jino, hawezi kumeza mate, ulimi umepanda. Usimpe chochote cha kula.

#23 mzee_baba

Tumefika. Wamemchukua moja kwa moja hawajatuweka foleni, wamemuwekea dripu na dawa za mshipa, wanasema watampasua kutoa usaha. Wameniambia tumewahi. Asante ndugu yangu, siwezi kusema zaidi.

#24 Mhudumu_Meno

Alhamdulillah na Mungu amsimamie. Kaa naye.

Kwa wengine wote, kinachowafanya muondoke nyumbani bila kuuliza mtu ni hiki: kushindwa kumeza au kupumua, uvimbe unaoshuka shingoni au kupanda jichoni, homa na kutetemeka, mdomo unaozidi kukaza badala ya kulegea, damu isiyokata baada ya kuuma pamba vizuri. Taya kukaza kidogo baada ya gego la mwisho ni kawaida na inalegea ndani ya wiki moja au mbili, mimi naongelea ile inayozidi kila siku. Ganzi ya mdomo wa chini, kidevu au ulimi isiyoisha kesho yake nayo mwambieni daktari, wengi inarudi ndani ya wiki au miezi, lakini inatakiwa iandikwe na kufuatiliwa tangu mapema.

#25 kimya_kingi

Nimefuatilia uzi wote. Nimeshaweka miadi. Swali la mwisho, baada ya hapo shimo linafunga lini, na pengo nisipoliziba kuna shida? Kuna rafiki yangu alitoa zamani hata wiki kadhaa baadaye fizi ikawa inamchoma kama sindano.

#26 Mhudumu_Meno

Hongera sana kwa miadi.

Nyuzi kama utawekewa, zile za kuyeyuka zinaondoka zenyewe wiki 1 mpaka 2, nyingine unarudi zitolewe kama baada ya siku 7. Fizi inajifunga juu kwenye wiki ya 3 au ya 4, magego ya mwisho yanachukua zaidi, utabaki na kibonde ambacho kinapungua polepole. Ndani mfupa mchanga unajaa kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8, na kukomaa kabisa ni miezi 3 mpaka 6. Kwa hiyo fizi ikifunga usidhani ndani pameisha.

Hiyo ya rafiki yako ni kipande kidogo cha mfupa kilichovunjika au kingo ya shimo, mwili unakisukuma nje. Mara nyingi kinatoka chenyewe, kikikwama daktari anakitoa kwa dakika chache. Asikichimbe kwa kucha.

Pengo: gego la mwisho halihitaji kuzibwa. Mengine fikiria, kwa sababu meno ya jirani yanaegemea pengo na jino la taya nyingine lililokuwa likikutana nalo linashuka au kupanda kulitafuta, na mfupa wenyewe unasinyaa, upana wake unaweza kupungua hadi nusu ndani ya miezi 12 na sehemu kubwa ya huo upungufu ni miezi 3 ya mwanzo. Ndio maana swali la kuziba ni zuri ukiliuliza kabla ya kung'oa. Siku ya miadi mwambie daktari unataka kujua kama utavaa la kuvua, daraja (jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani) au implanti (jino bandia linalopandikizwa kwenye mfupa) baadaye, kama ni implanti kuna vifaa vya kujaza shimo siku ile ile ili mfupa usipungue sana. Na muulize pia kama hilo jino lazima litoke, meno mengine yanatibika mzizi yakabaki.

Ukitoka huko uje utuambie imekuwaje.